Maswali ya wasomaji: Wiki nne si mwezi

SWALI: Asalaam alaykum, Bi Mfamasia. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Unguja, na sasa tunaishi Maskati. Mwanangu wa pili ana miaka 12 na ana saistiki faibrosisi, ule ugonjwa wa kurithi unaojaza ute mzito mapafuni. Tangu bakteria wa Pseudomonasi walipoonekana kwenye makohozi yake, anavuta tobramisini, dawa ya kuua bakteria, kwa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvutwa), mwezi mmoja anatumia na mwezi mmoja anapumzika. Ratiba inatushinda. Basi la shule linapita saa 12 na nusu asubuhi, na kila akivuta dawa inachukua karibu nusu saa. Alasiri ana chuo (madrasa), kisha kazi za shule. Siku nyingine tunairuka dozi ya asubuhi, na siku nyingine nampa zote mbili usiku kwa kufuatanisha. Je, kuna ubaya gani hasa? Tena Ramadhani hii anataka kufunga, na likizo tunakwenda kwa bibi yake Unguja, ambako umeme hukatika.

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Nianze na jambo ambalo hukuliuliza lakini nimeliona katika barua yako, kwa kuwa ndilo linalozaa mengine. Umeandika "mwezi mmoja". Dawa hii haihesabiwi kwa mwezi. Ni siku 28 za kuvuta na siku 28 za kupumzika. Siku mbili tatu za tofauti zinaonekana haba, lakini anayefuata tarehe mosi huanza mzunguko mara 6 kwa mwaka, ilhali anayefuata siku 28 huanza mara 7. Siku 28 ni wiki nne kamili, kwa hiyo mzunguko ulioanza Ijumaa humalizika Alhamisi, na unaofuata huanza Ijumaa vilevile. Huko kwenu Ijumaa ni siku ya mapumziko, basi ifanyeni siku ya kuanzia, ili dozi za kwanza zivutwe bila ya basi kupiga honi nje.

Mzunguko mmoja una ampuli (vichupa vya dozi moja moja) 56, mbili kwa kila siku. Usiku wa siku ya 10 zikibaki 36, mambo yako sawa; zikibaki 41, dozi tano zimerukwa, na hapana haja ya kumhoji mtoto wala ya mtoto kutafuta la kusema. Nasisitiza kuhesabu kwa sababu kumbukumbu hutudanganya sote. Utafiti mmoja wa Sheffield, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011, ulilinganisha maneno ya wagonjwa watu wazima na rekodi za nebulaiza zao zenyewe: wao walikadiria kwamba wanavuta kama asilimia 80 ya dozi zao, na mashine zikaonyesha kama asilimia 36. Sidhani kwamba walikuwa waongo. Walikuwa wamechoka, kama mlivyochoka nyinyi.

Sasa ubaya wenyewe. Faida ya kuivuta dawa ni kwamba inafika kwa wingi sana mle mle ndani ya ute mzito ambamo bakteria wamejificha, kiasi ambacho dawa inayopitia kwenye damu haiwezi kukifikia bila ya kudhuru figo na masikio. Lakini wingi huo haudumu. Baada ya saa kadhaa unashuka, na ndiyo maana dozi zinawekwa mbali kwa saa 12, au karibu na hapo kadiri iwezekanavyo, na kamwe zisikaribiane chini ya saa 6. Ukimpa mbili usiku kwa kufuatanisha, mwili unapokea mzigo mkubwa kwa mara moja, halafu bakteria wanapata usiku na mchana mzima wa kujikusanya upya. Tafadhali, hilo la kufuatanisha liacheni kuanzia leo. Mpango huu ukifuatwa kwa ukamilifu una nguvu: katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1999, yaliyohusisha wagonjwa 520 kwa wiki 24, uwezo wa mapafu wa waliovuta tobramisini ulikuwa umepanda kwa wastani wa asilimia 10 katika wiki ya 20, ilhali uwezo wa wenzao waliovuta dawa bandia, yaani isiyo na tobramisini, ya kulinganishia tu, ulikuwa umeshuka.

Dozi ikisahaulika, tazama saa zilizobaki kabla ya inayofuata. Kama ya jioni ni saa 12 na mmekumbuka saa 5 asubuhi, zimebaki saa 7, basi avute mara moja. Kama mmekumbuka aliporudi shule saa 8 mchana, zimebaki 4 tu. Iacheni hiyo, avute ya jioni kwa wakati wake, wala asiongezewe. Pia msisogeze tarehe ya kumaliza ili kufidia, isipokuwa kliniki yake ikiwaelekeza.

Kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni ile nusu saa. Mililita 5 za tobramisini, kikombe cha nebulaiza na kompresa (pampu yake ya hewa) vikiwa vizima, huisha kwa muda wa dakika 15 hivi. Kabla ya kumlaumu mtoto, kilaumu chombo. Kifungue kikombe, ukiinue kwenye mwanga wa dirisha, utazame kile kitundu kidogo cha katikati: mara nyingi utaona ukungu mweupe umeganda pembeni mwake, na hapo ndipo dakika zenu zinapopotelea. Huenda pia kichujio cha kompresa kimejaa vumbi, au kikombe kimeshachakaa na kinahitaji kubadilishwa. Kila baada ya kuvuta, vipande vioshwe kwa maji ya moto kidogo na sabuni. Mara moja kwa siku vile vinavyoruhusiwa kuchemshwa vichemshwe dakika 5, kisha vikauke kwa hewa juu ya kitambaa safi. Ombeni kikombe cha pili kliniki. Nyumba yenye kikombe kimoja huanza asubuhi kwa kutafuta kilipo na kukiosha, na basi halingoji.

Kuhusu wakati, sikushauri utegemee kengele ya simu. Kifungeni kipindi cha dawa kwenye jambo ambalo nyumba yenu hailiachi. Katika majira ya baridi ya Maskati, alfajiri na magharibi zinaachana kwa karibu saa 12, na nyote mmeshaamka. Akimaliza kuswali, akae wima kitini, avute kwanza dawa ya kutanua njia za hewa, afanye mazoezi ya kifua ya kutoa makohozi, na tobramisini iwe ya mwisho, ikute njia imesafishwa. Kama anatumia pia donasi alfa, dawa ya kulainisha ute, isichanganywe nayo katika kikombe kimoja. Majira ya joto, alfajiri inapowahi mno na magharibi kuchelewa, rudini kwenye saa ya ukutani: 12 asubuhi na 12 jioni.

Ramadhani, mpango huohuo unawafaa. Akivuta baada ya kufuturu na tena wakati wa daku, kunapita zaidi ya saa 6 kati yake, na suala la dawa kuingia mwilini mchana halizuki. Kufunga kwenyewe ni jambo jingine. Mtoto mwenye ugonjwa huu hupoteza chumvi nyingi kwa jasho (mama wengi huuonja kwanza kwenye busu la paji la uso), na anahitaji chakula kingi pamoja na vimeng'enya vyake vya kusaga chakula. Daktari wake aulizwe mapema, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na akisema hapana, tafadhali msimwachie mtoto abebe huzuni hiyo peke yake.

Unguja mtakuwa nyuma ya Maskati kwa saa moja tu, ambayo haivurugi kitu. Joto ndilo la kuangaliwa. Ampuli huhifadhiwa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8, na nje ya friji huvumilia hadi siku 28 ikiwa joto halizidi 25, jambo ambalo nyumba isiyo na kiyoyozi huko haitoi. Chukueni kisanduku cha baridi, barafu ifungwe kwa kitambaa ili ampuli zisigande, na msiziache garini hata dakika chache. Ndegeni zisafiri mikononi mwenu pamoja na barua ya daktari. Kwa ajili ya umeme, ulizeni kliniki kama mnaweza kupata kompresa ya betri.

Akilalamika kwamba masikio yanavuma, au ukaona haitiki akiitwa kwa sauti ya kawaida, piga simu kliniki siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, Columbus, Ohio. Wiki nne navuta tobramisini na wiki nne aztreonamu, dawa nyingine ya kuua bakteria, ambayo ni mara tatu kwa siku. Ya mchana hunipita nikiwa kazini. Je, nizivute zote tatu kati ya jioni na asubuhi?

JIBU: Hapana, mwanangu. Kati ya dozi moja ya aztreonamu na nyingine zipite saa 4 kwa uchache, na ni bora zienee siku nzima: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Kama zamu yako hairuhusu saa 8, ivute saa 10 ukitoka, bado umo ndani ya kanuni. Dozi yenyewe, kwa kifaa chake maalumu, huchukua dakika 2 au 3, kwa hiyo mwombe msimamizi wako mapumziko mafupi na chumba safi. Usiichanganye asubuhi ili uende nayo: unga huyeyushwa kwa maji ya chumvi yaliyokuja nao na kuvutwa papo hapo. Wala usiitie kwenye kikombe cha tobramisini, hata siku ile ulipokisahau kifaa chake nyumbani.