Ukikaribishwa Ujerumani, Kubali Mara ya Kwanza

Vijana wa hapa Tanga wanaojiandaa kwenda Ujerumani kufanya kazi ya uuguzi huniuliza sana habari za baridi. Baridi dawa yake koti. Kinachowasumbua wengi ni hizi adabu zetu za pwani, ambazo kule hakuna anayezijua.

Pita kwa mtu Ngamiani ukute sinia la wali wa nazi liko chini. Utaambiwa karibu, utajibu "ahsante, nimeshiba", na njaa inakuuma. Mwenyeji anajua hujashiba. Atakukaribisha tena, ukishikilia atakuvuta mkono. Sasa Hamburg, kwenye nyumba ya kulelea wazee nilikofanya kazi, mwenzetu mmoja alileta keki ya siku yake ya kuzaliwa. Kule mwenye siku ndiye anayeleta (na usimpongeze kabla ya siku yenyewe, wanaona ni mkosi). Akamsogezea sahani binti mgeni kutoka huku kwetu. Binti akatabasamu, "hapana, ahsante", akawa anangoja abembelezwe. Sahani ikaenda kwa wa pembeni, na keki ikaisha. Jioni binti ananiambia wale watu wachoyo! Wala. Amesema hataki, wamemheshimu.

Kazini ni vivyo hivyo. Ukiumwa, usijikaze ukasema hujambo. Unawapelekea maradhi wazee wa watu. Piga simu kabla zamu haijaanza, wamtafute wa kukushikia. Ukichelewa, sema utachelewa dakika ngapi. Ile "nipo njiani" ya mtu ambaye ndiyo kwanza anatafuta kiatu iache huku huku.

Mkuu wa zamu naye atakwambia mbele ya wenzako kwamba kitanda hiki hukukitandika vizuri, rudia. Utahisi umevuliwa nguo. Baada ya nusu saa anakunywa kahawa na wewe kama hakuna kilichotokea, kwa sababu kwake kweli hakuna kilichotokea. Usinune.

Wazee usiwaite bibi wala babu, hata ukiwapenda vipi. Taja jina la ukoo, kwa heshima zake zote. Nilizoea, ingawa mpaka leo naona ni kama kumwita mtu mahakamani.

Mengine ni madogo: Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua mahitaji Jumamosi. Ukihamia nyumba, kajiandikishe ofisi ya wakazi ndani ya wiki 2.

Lakini la mshahara lisikilize. Tarakimu iliyo kwenye mkataba siyo itakayoingia benki. Kodi, bima ya afya, pensheni na makato mengine vinaweza kuondoka na theluthi nzima, hasa ukiwa hujaoa au hujaolewa, na hapo kodi ya nyumba bado. Kwa hiyo ndugu wakikuuliza unalipwa ngapi, wape ile inayobaki, tena mapema, kabla hawajaanza kukuhesabia matofali ya nyumba ya Pongwe.