Waya wa uzio unaolegea kila mwaka: ninunue kifaa gani cha kuukazia?

SWALI

Papa fundi, ninafuga ng'ombe 22 na mbuzi wapatao 40 kwenye barabara ya Kipushi, nje kidogo ya Lubumbashi. Uzio wangu una mistari 5 ya waya wa miiba juu ya nguzo za mkaratusi, na upande mrefu kuliko zote una mita 200. Tangu mwaka jana umekazwa mara tatu kwa kuvutwa na pikapu, na kila mvua zinapoanza unalegea tena. Sasa nataka kununua kifaa changu mwenyewe. Fundi mmoja ananishauri palani ya mnyororo ya tani 1 na nusu, ile inayonyanyulia injini garajini. Mwingine anasema nifunge winchi mbele ya pikapu. Dukani nilionyeshwa kifaa kidogo cha mkono chenye mnyororo na taya mbili, lakini nakiona ni chepesi mno kwa kazi hii. Nguzo ya kona imeinama kidogo. Tutaisukuma irudi tukishamaliza kukaza. Nichague kipi?

Mama mfugaji, barabara ya Kipushi

JIBU

Mama, nunua hicho unachokiona ni chepesi, na pesa itakayobaki uitumie kwa ile nguzo ya kona ambayo umeitaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo.

Kila mwaka, mvua za Novemba zinapoanza kulainisha udongo, ninapokea swali hili kutoka barabara ya Kipushi, ya Kasenga na ya Likasi, na kila mara linakuja likiwa limepinduliwa: watu wanauliza nguvu ya kifaa, na hakuna anayeuliza uimara wa kitu ambacho waya umefungwa juu yake. Tayari umevuta mara tatu kwa gari ambalo lina nguvu kupita ile ambayo waya wako unaihitaji. Kama tatizo lingekuwa uhaba wa nguvu, lingekwisha siku ile ya kwanza.

Acha nikuonyeshe hesabu ambayo mafundi hao hawakuifanya. Waya mmoja wa chuma usio na miiba, wenye unene wa milimita 2.5 na urefu wa mita 100, ukivutwa kwa nguvu ya kilo 110, hurefuka kwa sentimita 11 tu. Hizo sentimita 11 ndizo mkazo wote ulio nao kwenye mstari huo. Nguzo ya mwisho upande huu ikiinama sentimita 5 na nusu, na ya upande wa pili ikiinama vivyo hivyo, mkazo umekwisha wote, na waya unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo ingawa haujakatika, haujachakaa na haujabadilika kwa lolote. Waya wa miiba hurefuka zaidi kidogo kwa sababu nyuzi zake mbili zimesokotwa, lakini hesabu yake inakwenda njia ileile. Kwa hiyo unaposema kwamba nguzo ya kona imeinama kidogo, umekwisha kueleza kwa nini uzio wako unalegea. Kila mara pikapu ilipovuta, waya ulikazika mbele ya macho yenu, nguzo ikaanza kusogea polepole ndani ya udongo, mvua ikaja ikamalizia kazi, nanyi mkalipa tena.

Mistari 5 yenye kilo 110 kila mmoja inavuta nguzo hiyo kwa zaidi ya nusu tani, usiku na mchana, bila kupumzika. Nguzo ya mkaratusi iliyochimbiwa sentimita 60, bila kitu cha kuiegemeza, haiwezi kubeba mzigo huo kwenye udongo mwekundu uliolowa. Nguzo ya kona inahitaji unene wa sentimita 15 hadi 20 na shimo la karibu mita 1, na udongo urudishwe kidogo kidogo, kila tabaka likishindiliwa kwa mtaimbo kabla ya kuongeza lingine. Kisha, umbali wa mita 2 na nusu hivi kwenye mstari wa uzio, simamisha nguzo ya pili, uweke mti wa kulala kati ya hizo mbili karibu na juu, na ufunge waya wa mshazari uliozungushwa mara mbili.

Waya huo wa mshazari ndio ambao huwekwa vibaya kuliko kitu kingine chochote. Ni lazima utoke chini ya nguzo ya kona na kupanda hadi juu ya nguzo ya pili. Uzio unavuta kichwa cha nguzo ya kona. Mti wa kulala unasukumia nguvu hiyo kwenye kichwa cha nguzo ya pili. Waya wa mshazari unakikamata kichwa hicho na kukivutia kwenye mguu wa nguzo ya kona, pale ambapo ardhi inashika. Ukiufunga kinyume, kutoka juu ya nguzo ya kona hadi chini ya nguzo ya pili, haubebi kitu. Nimezunguka mashamba mengi ambamo kila kona ilikuwa na waya huo, umefungwa vizuri, umekazwa vizuri, na umeelekezwa upande usiofaa.

Na usiisukume nguzo baada ya kukaza, Mama. Kuisukuma irudi wakati mistari 5 imekwisha kukazwa ni kuivuta ile nusu tani kwa mabega ya wafanyakazi wako, na siku wakiiachia itarudi ilipokuwa. Legeza waya wote kwanza, chimba, inyooshe nguzo, shindilia, weka mti wa kulala na mshazari, na hapo ndipo kifaa cha kukazia kitolewe mfukoni.

Sasa nikueleze kwa nini hicho cha mkono. Taya moja inakamata ncha ya waya upande huu, ya pili inakamata ncha ya upande wa pili, na kwa kila pigo la mkono wa kifaa ndoano inasogea pete moja kwenye mnyororo. Unaweza kusimama katikati ya zile mita 200, ukazivuta pande zote mbili zikakutana mbele yako, ukaunganisha ncha zikiwa bado zimeshikwa, kisha ukaachia taratibu. Faida yake kubwa ni kwamba kiganja chako kinahisi uzito unavyoongezeka pete baada ya pete, na mtu mzima wa kawaida huanza kuuona mkono ni mgumu kabla waya haujafika mahali pa hatari. Wepesi ulioudharau ndio unaolinda waya wako.

Dereva wa pikapu hahisi chochote. Gari likiwa gia ya kwanza huvuta kilo mia kadhaa bila usukani kumwambia neno, na waya laini wa miiba, ule ambao hupindika kwa mkono na kubaki umepindika, ukivutwa kupita kiasi chake hurefuka moja kwa moja na haurudi tena. Winchi ina kasoro hiyohiyo. Palani ya tani 1 na nusu imetengenezwa kwa ajili ya injini. Mnyororo wake ni mzuri, lakini haina taya za kushika waya, kwa hiyo utalazimika kufunga fundo kwenye ndoano, na pale waya ulipojikunja kwenye ndoano zinki inayoukinga waya itapasuka na kutu itaanzia hapo.

Palani nitaikubali kwa kazi moja tu, nayo ni wavu. Ninaisema kwa sababu ya mbuzi wako: mistari 5 ya waya wa miiba, hata ikikazwa na malaika, haitawazuia mbuzi 40 wenye njaa, na sehemu watakayolala mbuzi itahitaji wavu. Wavu hauvutwi kwa kushika tundu moja. Unabanwa kati ya mbao mbili zenye kimo cha wavu wote, zilizofungwa kwa boliti, na palani inavuta mbao hizo ili nguvu igawanyike kutoka juu hadi chini. Nyaya za kulala za wavu mzuri huwa na mikunjo midogo kama mawimbi. Mikunjo hiyo ikianza kunyooka, kwa karibu theluthi ya kimo chake, simama. Ukiinyoosha yote, umeharibu kitu kilichowekwa ili wavu upumue baridi na joto linapobadilishana.

Joto lenyewe lisidharauliwe. Alfajiri ya Julai hapa kwetu na mchana wa Oktoba vinaweza kutofautiana kwa nyuzi 25, na kwa waya wa milimita 2.5 tofauti hiyo huongeza au kupunguza mkazo kwa karibu kilo 30. Ukikaza hadi mwisho mchana wa jua kali la Oktoba, asubuhi za baridi za Juni na Julai zitaongeza mzigo wao juu ya ulioweka wewe.

Mafundi wengi hupima kwa sikio: hupiga waya kwa koleo, ukilia kama gitaa wanasema tayari. Mlio hubadilika kwa umbali kati ya nguzo na kwa unene wa waya, na fundi asiyejua hayo mawili anasikiliza tu. Kipimo sahihi hakihitaji pesa. Chukua bidoni ndogo ya lita 5, ijaze maji, nayo itakuwa na uzito wa kilo 5 na kidogo. Chagua mahali ambapo nguzo mbili zimeachana mita 4, weka alama kwenye fimbo iliyosimama mahali waya ulipo katikati, kisha ning'iniza bidoni hapo na upime waya umeshuka kiasi gani. Ukishuka sentimita 4 na nusu, una mkazo wa kilo 110 hivi, na hiyo inatosha. Ukishuka sentimita 9, una nusu ya hapo. Ukishuka sentimita 2, umekaza kupita kiasi, legeza. Kipimo hiki ni sahihi ikiwa waya unateleza kwenye nguzo za katikati, yaani ikiwa ile misumari yenye umbo la U haijagongwa hadi ikaubana waya ndani ya mti. Iache ishike bila kubana, maana waya uliobanwa kwenye kila nguzo haupitishi mkazo kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila pigo la nyundo juu yake ni kidonda kwenye zinki.

Wanaonikasirisha zaidi ni wale wanaouza njia za mkato baada ya kushindwa kujenga kona. Mmoja anaingiza kipande cha nondo kati ya mistari miwili na kuisokota hadi ikaze; siku hiyo inakaza kweli, na pale ilipokunjwa ndipo itakapokatikia. Mwingine anapaka nguzo mafuta machafu ya injini na kumwambia mwenye shamba kwamba mchwa hawataigusa. Katika nchi hii ya vichuguu virefu kuliko nyumba, mafuta hayo hayaingii ndani ya mti, na mchwa hupanda kwa kupitia katikati ya nguzo wakati nje bado inang'aa nyeusi. Nguzo ya kona iliyoliwa mguu haitambulishwi na macho. Inatambulishwa na waya unaolegea, na mwenye shamba anaitwa tena alipie pikapu. Kwa kona tafuta kiini cha mubanga, ule mti mgumu wa misitu ya kwetu, au mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, au chuma kilichosimamishwa kwenye zege.

Nimewahi kumfunga kijana mkono kwa shati langu kwenye shamba moja ambako gari lilikuwa linavuta waya wa miiba. Waya ulikatika kwenye fundo, ukarudi nyuma ukijisokota, ukamkuta umbali wa hatua zaidi ya 10 kutoka kwenye nguzo, naye hakuwa mtu wa kazi hiyo, alikuwa amesimama kutazama. Miiba ilipita kwenye mkono kwa sababu aliuinua; asingeuinua ingepita usoni. Dereva alikuwa bado anaangalia kwenye kioo, hajajua kilichotokea.

Kwa hiyo yeyote atakayekuja kukufanyia kazi, Mama, hata akiwa na sifa namna gani, akianza kwa kulisogeza gari kwenye uzio mwombe aondoke. Wafanyakazi wako wavae glavu za ngozi na mikono mirefu, walinde macho, wasimame upande wa pili wa nguzo na kamwe wasisimame sambamba na waya unaovutwa, na watoto wakae mbali kabisa. Kabla ya kulipia kifaa dukani, omba kipande cha waya kama ule ulio nao shambani, kibane kwenye taya zote mbili na uvute kwa uzito wa mwili wako: taya zikiteleza au zikiacha meno yao kwenye zinki, kirudishe juu ya meza na uulize kingine.