Kaa wametoboa tuta la chumvi, na sakafu ina utando unaonuka: nianzie wapi?

SWALI

Mjomba mtaalamu, shikamoo. Nina majaruba sita ya chumvi huku Mchinga, Lindi, nyuma ya mikoko. Mwaka jana niliongeza mawili, na tuta lake tuliliinua kwa tope lilelile tulilochimba hapohapo. Msimu huu maji hayakai. Kaa wametoboa tuta lote la upande wa mikoko, na bamvua (maji makubwa ya bahari) likija maji yanapita huku na huku. Jirani ananiambia nimwage dawa ya mikorosho kwenye matundu, au oili chafu. Halafu kuna jambo jingine. Sakafu ya majaruba ya mwanzo imefunikwa na utando kama ngozi, juu kijani kichafu, chini mweusi, unanuka yai viza. Vijana wangu wameanza kuukwangua kwa chepe ili tupate sakafu safi, lakini tangu waanze naona kama maji yanapungua haraka zaidi. Je, tatizo ni kaa, au ni sisi wenyewe?

JIBU

Marahaba, mjomba. Nianze na hilo la mwisho. Kwa maelezo yako, sehemu kubwa ni ninyi. Kaa ana yake, nitamfikia, ila kabla hujaendelea kusoma watumie vijana ujumbe waweke chepe chini.

Huo utando si uchafu. Nenda jaruba ambalo bado halijakwanguliwa, ukate kwa kisu kipande cha ukubwa wa kiberiti, ukiweke kiganjani na kukiangalia ubavuni. Juu utaona kahawia inayoelekea dhahabu, chini yake kijani, mara nyingi unafuata mstari mwembamba wa rangi ya zambarau, na mwisho weusi. Unene wote unaweza usifike sentimita mbili. Kila rangi ni kundi lake la viumbe. Wa juu ni sianobakteria, viumbe wadogo sana wanaojitengenezea chakula kwa jua kama majani. Wengi wao wana umbo la uzi, na nyuzi hizo hujisokota kati ya chembe za udongo kama makuti yaliyosukwa. Juu ya hapo hutoa ute, na ute huo unaziba vinyweleo vya udongo. Yaani wamekusakafia jaruba bila saruji na bila kudai ujira. Wazalishaji wakubwa wa chumvi ya jua duniani huulea utando huu kwa makusudi, kwa sababu unapunguza maji yanayonywewa na ardhi.

Sasa ule weusi na harufu. Maji ya bahari yana salfeti, aina ya chumvi yenye salfa ndani yake, karibu gramu 2.7 katika kila lita. Kwenye tope laini oksijeni huingia milimita chache tu kisha inakwisha. Chini ya hapo wako bakteria ambao badala ya kupumua oksijeni hutumia salfeti kuunguza mabaki ya majani na viumbe vilivyokufa, na kinachowatoka ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo yai viza lako. Gesi ikikutana na chuma kilichomo kwenye udongo inakuwa salfaidi ya chuma, nayo ni nyeusi tii. Ule mstari wa zambarau uliouona kiganjani ni bakteria wengine wanaoila gesi hiyo inapopanda, kabla haijafika juu. Ndiyo maana jaruba lenye utando mzima hunuka kidogo tu, na likikwanguliwa linanuka hadi barabarani. Ukikwangua umefanya mambo mawili kwa mkupuo: umefungua vinyweleo vilivyokuwa vimezibwa, na umetibua weusi ule ukaingia kwenye maji, utakaoukuta baadaye kwenye chumvi ya kijivu ambayo mnunuzi ataitemea mate.

Usijione mjinga. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nimetoka chuo na kalamu mfukoni, nilimshauri mzee mmoja akwangue sakafu yake yote "kwa usafi". Alinisikiliza kwa heshima ya cheti changu. Jaruba likanywa maji kama mchanga wa Msimbati, na alikaa zaidi ya mwezi akingoja utando urudi. Hakunitukana, alinikaribisha chai. Iliniuma kuliko matusi.

Yako mambo mawili yanayohitaji mkono. Saa za mchana jua likiwa kali, utando hutoa mapovu ya oksijeni, na vipande vingine hung'oka na kuelea. Hivyo viokote kwa wavu, na weka wavu mwingine kwenye lango la kuingilia jaruba linalofuata visisafiri hadi kwenye chumvi. La pili ni ukame: jaruba la mwanzo usiliache likauke kabisa katikati ya msimu. Utando ukikauka hupasuka vipande na kujikunja kingo kama kigaga cha uji, na nyufa zake hushuka hadi kwenye udongo. Acha hata maji ya kina cha kiganja.

Ukisogea kwenye majaruba ya mbele, ambako maji yanazidi kukolea chumvi, utando unakwisha wenyewe. Maji yakifika takriban nyuzi 13 za Baumé (nyuzi za kupimia ukolevu wa maji ya chumvi) kwenye kipimo chako, jasi inaanza kuganda na kufanya gome gumu sakafuni. Ni jasi ileile inayochimbwa Kilwa. Na ile nayo ni mabaki ya bahari ya kale iliyokauka, kwa hiyo jaruba lako linarudia kazi ambayo nchi ya huko kwenu imekwisha kuifanya zamani. Chumvi yenyewe huanza kudondoka karibu na nyuzi 25 na nusu. Hapo ukiona maji mekundu usishtuke. Ni viumbe wapenda chumvi, na rangi yao inanasa joto la jua, inakusaidia kukausha. Cha kuogopa ni maji mazito yanayovutika kama mlenda. Huo ni ute wa kiumbe mwingine, unaofanya chembe za chumvi ziwe ndogo na dhaifu, na kwa kawaida huja pale mbolea au kinyesi kinapoingia kwenye maji. Kama una mbuzi wanalala kwenye tuta, wahamishe.

Kabla ya kumgusa kaa, pima. Chukua ndoo, weka jiwe chini isielee, ijaze maji ya jaruba hilohilo mpaka yalingane na maji ya nje, iache imesimama humohumo ndani ya jaruba. Weka alama ndani ya ndoo, na alama nyingine kwenye kijiti kilichochomekwa nje. Funga lango siku mbili. Ndani ya ndoo maji yanapungua kwa jua na upepo peke yake. Nje yanapungua kwa jua, upepo na uvujaji. Tuseme ndoo imeshuka milimita 12 na jaruba limeshuka 20: milimita nane zimevuja. Zinaonekana si kitu, lakini kwa jaruba la mita 20 kwa 30 ni lita 4,800. Fanya hivyo kila jaruba. Likivuja sana jaruba lililokwanguliwa huku la jirani yake lisilokwanguliwa limetulia, na yote mawili yanapakana na tuta lilelile, jibu umelipata.

Haya, kaa. Kwanza tuwatofautishe, maana naona wote wanashtakiwa pamoja. Wale wadogo ambao dume lake lina gando moja kubwa la kupungia hewani, matundu yao ni ya shubiri moja au mbili. Wanakula ukoga wa juu ya tope na hawana nguvu ya kuvuka tuta zima. Mtuhumiwa wako ninayemdhani ni kaa mkubwa wa nchi kavu, Cardisoma carnifex, anayeishi ukingo wa mikoko wa upande wa bara, palepale watu wanapopenda kuchimba majaruba. Huyu lazima alowanishe matamvua yake, kwa hiyo huchimba mpaka ayakute maji ya chini, na tundu lake linaweza kupita mita moja. Tuta lako analipenda: juu pakavu hapafurikiwi, ndani pana unyevu, udongo haukushindiliwa. Akichimba mmoja kutoka upande wa mikoko na mwingine kutoka upande wa jaruba, siku njia zao zikikutana bamvua linamalizia kazi, na tundu la ngumi linakuwa mfereji.

Huyohuyo, mita kumi mbele, ndiye anayewaweka hai mikoko wanaokukinga na mawimbi ya kusi. Mkoko unapokunywa maji ya bahari unaacha sehemu kubwa ya chumvi nje ya mizizi. Chumvi ile ikirundikana, mti unaungua. Kinachoiondoa ni maji yanayojaa na kupwa yakipita ndani ya matundu ya kaa na kuusuuza udongo. Tena tundu linaingiza hewa: chimba taratibu pembeni ya tundu msituni utaona ukuta wake una rangi ya kutu, ilhali sentimita chache pembeni tope ni jeusi. Huko Australia watafiti waliwahi kuwaondoa kaa kwenye vipande vya msitu wa mikoko kwa mwaka mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha sumu ya salfaidi imepanda kwenye udongo na ukuaji wa miti umeshuka. Kwa hiyo tundu linafanya kazi ileile pote, kupitisha maji na kuondoa chumvi. Wewe unataka chumvi ibaki, mkoko unataka iondoke, na tuta lako ndilo mpaka wenu.

Na tuta hilo jipya ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kaa. Mmelijenga kwa tope jeusi la mikoko. Ndani ya tope hilo, salfaidi niliyokueleza imelundikana kwa miaka mingi na sehemu yake imekuwa madini ya pairaiti. Likiwa chini ya maji limelala. Ukilitoa na kulianika juani hewa inaingia, pairaiti inageuka asidi ya salfa. Angalia tuta lenu kwa karibu: kama kuna madoa ya njano mithili ya nyasi kavu, maji yanayotoka miguuni yana kutu, hakuna hata jani lililoota, na udongo umepasuka vipande, basi ndiyo hiyo. Udongo wa namna hii husinyaa, mizizi iliyozikwa humo inaoza na kuacha njia, na kaa anakuta nusu ya kazi imeshafanywa.

Dawa yake ni jembe. Subiri maji mafu, wakati bahari haifiki mguuni mwa tuta. Chimba mtaro katikati ya tuta kwa urefu wake wote, upana wa chepe mbili, ushuke mpaka upite usawa wa ardhi ya zamani yenye mizizi. Ujaze udongo wa mfinyanzi kutoka upande wa juu, usio mweusi, uliolowanishwa, ukishindilia kila tabaka la sentimita 15 kabla ya kuweka lingine. Vijana watanung'unika. Kuta za tuta ziwe za mteremko, kwa kila mita moja ya kwenda juu mita mbili za kwenda pembeni. Penye njano nyunyiza chokaa ukiwa unageuza udongo. Kuziba mdomo wa tundu kwa jiwe ni kujidanganya, kesho atatokea pembeni. Tundu hufukuliwa lote, ndipo linashindiliwa. Wengine huchomeka nailoni nzito wima katikati ya tuta. Inasaidia, ila nyepesi ya kufunikia vitanda vya mboga magando yataichana.

Kaa waliomo ndani ya tuta sasa hivi watoe usiku kwa tochi, au fukia ndoo tupu mpaka mdomo ulingane na ardhi, watumbukie wenyewe. Wapeleke mikokoni, mbali kidogo.

Dawa ya mikorosho usiifungue. Ile iliyotengenezwa kumuua mbu wa mikorosho haichagui: kaa na kamba ni jamaa wa wadudu, na wengi wao hufa kwa kiasi kidogo kuliko unavyofikiri. Bamvua litaibeba kutoka kwenye tundu mpaka kwenye mkondo ambako kamba wachanga wanalelewa, na nusu nyingine itarudi jarubani, kwenye kitu ambacho watu wanakwenda kutia kwenye mboga. Oili chafu hivyohivyo, na ile ina madini mazito kutoka kwenye injini. Mwambie jirani nimemsalimu, lakini hapana.

Na kama ulikuwa unafikiria kusogeza tuta mbele ili uwakimbie kaa, huko mbele ni mikoko, nayo inalindwa kisheria. Hukati hata mti mmoja bila kupitia TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Ukishapata vipimo vya ndoo vya majaruba yote sita, niandikie, ukitaja lipi limekwanguliwa na lipi bado, na kipimo chako cha Baumé kinasoma ngapi kwa kila moja. Piga na picha ya tuta jipya asubuhi, jua likiwa bado la pembeni, hapo madoa ya njano yanaonekana vizuri.