Maswali ya Wasomaji: Gari Lishuke, Mgongo Usiumie

Nina sedani ndogo ya kuendea kazini, na wikendi naipakia familia. Nataka kuishusha milimita 50, maana pengo kati ya tairi na madigadi linaniudhi. Fundi mmoja ananiambia ninunue springi fupi tu na kubaki na shokapu nilizo nazo. Mwingine anasema nifunge koilova, yaani shokapu na springi za seti moja ambazo urefu wake hurekebishwa. Nimsikilize nani?

Kwa sasa usimsikilize yeyote, kwa sababu kifaa huchaguliwa baada ya kujua gari lina nafasi kiasi gani ya kubonyea. Magari mengi madogo, yakiwa yamesimama bila mzigo, huwa na kama milimita 60 hadi 80 za mbele kabla shokapu haijafika mwisho wake. Ukitoa 50 unabaki na 10 hadi 30, na abiria wanne na mizigo yao wanazimaliza kabla hujawasha injini. Kuanzia hapo gari halikalii springi tena. Linakalia raba ya kugotea, ile iliyovishwa kwenye rodi ya shokapu, ambayo ikishabanwa huwa ngumu kuliko springi mara kadhaa. Lile teke linalopanda mpaka kiunoni kila ukipita shimo hutoka huko mara nyingi, ilhali watu huilaumu springi.

Kwa matumizi yako tunakushauri uishie milimita 25 hadi 30. Chukua springi za kushushia pamoja na shokapu fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya springi hizo, ziuzwazo kama seti moja. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kabla na baada ya kazi. Ukipima kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya.

Ushauri wa kubakiza shokapu za zamani una kasoro mbili. Shokapu hiyo ilipangwa kuizuia springi laini isirudi juu kwa kasi. Ukiiwekea iliyo ngumu zaidi kwa asilimia 20 au 30, haiimudu, na gari linadundadunda baada ya kila tuta. Pili, ukilipandisha gari kwa jeki, shokapu ndefu hujinyoosha kupita urefu wa springi fupi, springi inalegea na inaweza kutoka kwenye kikalio chake. Kukata springi kwa msumeno au kuichoma moto ili ikae chini tunakukataza kabisa: moto huua ugumu wa chuma, na pale ilipokatwa haikai sawa.

Koilova si mbaya, ila angalia namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye springi, yaani nguvu inayohitajika kuibonyeza milimita moja. Chukua pembe moja ya mbele inayobeba kilo 350. Springi ya nyutoni 22 kwa milimita huliacha gari lipande na kushuka kama mara 1.3 kwa sekunde, mwendo ambao mwili unauzoea. Ya nyutoni 30 inafika mara 1.5, imekaza lakini inavumilika. Koilova ya kilo 6 kwa milimita, ambayo ni karibu nyutoni 60, inafika mara 2.1, na hapo mtoto hatalala kiti cha nyuma. Hesabu hii ni ya mbele, pale springi inapoizunguka shokapu karibu na gurudumu. Nyuma, springi ikikaa katikati ya amu (mkono wa chuma unaoliunganisha gurudumu na gari), gurudumu hupata sehemu tu ya ugumu wake, kwa hiyo usilinganishe namba za mbele na za nyuma moja kwa moja.

Nimefunga koilova na kuzishusha kwa kuzungusha ringi inayoshika springi. Sasa zinagonga kila tuta. Nimelegeza kliki zote (hatua za kitufe cha kurekebisha ugumu wa shokapu) hadi mwisho wa ulaini, na hali imezidi.

Ni lazima izidi. Ukilainisha shokapu, inabonyea haraka zaidi na kugota upesi zaidi. Halafu ringi ya springi siyo ya kushushia gari ikiwa koilova yako ina kikombe cha chini kinachozunguka, kile ambacho mwili wa shokapu huingia kwa nyuzi ili urefu wake ubadilike: kila milimita unayoshusha kwa ringi unaipunguza kwenye nafasi ya kubonyea. Kaza ringi mpaka springi iache kuchezacheza shokapu ikiwa imenyooka, ongeza milimita 2 hadi 5, uifunge. Urefu wa gari utafute kwenye kikombe cha chini, bila kuvuka kiwango cha chini cha nyuzi kilichotajwa na mtengenezaji.

Kisha zungusha kliki hadi mwisho wa ugumu, rudi ukihesabu mpaka katikati, na uanzie hapo. Funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye rodi, uisukume mpaka iguse mwili wa shokapu, uendeshe njia yako ya kila siku ukiwa na abiria. Ukirudi uikute imesukumwa hadi ndani kabisa ya raba, pandisha gari milimita 10 urudie. Kuigusa raba kidogo si kosa. Hakikisha pia tairi halifiki kwenye madigadi, kwani kikombe hushusha gari bila kuzuia gurudumu kupanda.

Nimeshusha gari, na sasa naongeza rimu za inchi 18 badala ya 17. Zitaharibu ulaini?

Zitapunguza. Ukuta wa tairi 225/45R17 ni milimita 101, wa 225/40R18 ni 90, na rimu kubwa mara nyingi ni nzito zaidi. Kama pesa ni za kitu kimoja, ziweke kwenye shokapu.

Baada ya kushusha, matairi ya mbele yanalika ndani na chini kunalia kama mlango mkavu.

Tairi kulika ndani ni kazi ya wili alaimenti, yaani kurekebisha mkao wa magurudumu. Gari likishuka, magurudumu hulala juu kuelekea ndani na pua zake huacha mstari, na hilo la pili ndilo linalomaliza tairi haraka. Piga alaimenti springi zikishatulia, baada ya kilomita mia chache, na taa za mbele zilengwe upya.

Mlio huenda ni wa bushi, zile raba zilizo kwenye viungo vya amu. Boliti za amu zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, raba ya bushi hujifunga katika mkao huo, na gari likishuka inabaki imesokotwa muda wote hadi ipasuke. Legeza boliti hizo, shusha gari likanyage kwa uzito wake, litikise mara kadhaa, ndipo uzikaze kwa spana ya kupimia nguvu. Bushi iliyokwisha kupasuka ibadilishwe.