Dek, saget na chinsaga ni mboga moja

Umeuliza kama hizi mboga za majani ni mimea mitatu tofauti, na ukasema ile yenye shina la zambarau ni aina nyingine tena. Hapana, si mimea mitatu, dek ya Waluo, saget ya Wakalenjin na chinsaga ya Wakisii ni kitu kimoja tu, Waluhya wanaita tsisaga, Kiswahili sanifu ni mgagani, na jina la kisayansi ni Cleome gynandra. Ukikuta mahali imeandikwa Gynandropsis gynandra usishtuke, ni hiyohiyo, wataalamu wa mimea walihamisha tu jina la mbele. Mimi nimekulia kwa kibanda cha mboga hapa Nakuru, mteja akiitisha dek ama saget mamangu anashika fungu lilelile na bei haibadiliki 😂

Angalia tu ua lake, jeupe ama la waridi kidogo, na zile nyuzi ndefu zimetokeza kama sharubu za paka, shina nalo lina vinywele vinavyonata kwa vidole. Hiyo yenye shina la zambarau unayosema ni aina tofauti pia bado ni spishi ileile, uchungu mnamaliza na maziwa kama kawaida. Hata gynandra lenyewe ni Kigiriki, mwanamke na mwanaume, sababu sehemu za kiume za ua zimekaa juu ya kikonyo kimoja na ile ya kike.

Ila chunga jina lake la Kiingereza, spider plant, kuna ua la nyumbani la kuning'iniza dirishani linaitwa hivyohivyo, majani membamba yana mistari myeupe, hiyo ni Chlorophytum, usiichume ukaweka kwa sufuria.