Swali la Lugha: Geto la Venice na huo "uhuru wa kuabudu"

Mwalimu wa historia ananiuliza: mwanafunzi wake kaandika, "Mwaka 1516 Wayahudi wa Venice waliwekwa kwenye geto, wakapewa uhuru wa kuabudu." Mwalimu mwenzake kalikata neno "geto" kwa kalamu nyekundu, eti ni lugha ya mtaani. Je, ni kosa?

Si kosa. Neno lilizaliwa Venice kwenyewe, mji wa Italia, likiwa jina la mtaa waliotengewa Wayahudi, na wengi hulihusisha na kiwanda cha kuyeyushia madini kilichokuwa hapo zamani. Vijana wa Dar es Salaam kukiita geto chumba cha kapera hakuliharibu. Tofauti ni kwamba kapera ana ufunguo wake mfukoni. Kule Venice malango yalifungwa usiku, walinzi wakiwa Wakristo, na mishahara ya walinzi hao ililipwa na Wayahudi waliofungiwa ndani.

Kinachonichoma ni hiyo kalamu nyekundu kuliruka "wakapewa uhuru wa kuabudu". Maneno haya nayakuta kila mahali, na kila mara yanaudanganya msomaji. Uhuru gani? Kibali chao cha kukaa mjini kilikuwa cha muda, kikiisha wakijadili upya na kulipa. Mchana walitoka wakiwa na alama ya njano. Kununua nyumba marufuku, na walipohamia tu, kodi ya pango ikapandishwa kwa theluthi. Watu wakaongezeka, eneo likabaki lilelile, basi nyumba zikarefushwa kwenda juu, nyingine hadi ghorofa saba, dari zikiwa chini chini. Sinagogi ya mwaka 1528 iko juu ya makazi ya watu. Kusali walisali, lakini mwenye uhuru hasali kwa kibali kinachokwisha muda.

Amsterdam, Uholanzi, nako wanaisifia vivyo hivyo. Wakatoliki wa huko, waliokatazwa kuabudu hadharani, mwaka 1663 walijengewa kanisa darini mwa nyumba ya mfanyabiashara; ukipita barabarani unaona nyumba tu. Wakubwa wa mji walijua, wakafumba macho.

Kiswahili kina neno kamili la hali hii: walivumiliwa. Mtu huvumilia asichokipenda, na anaweza kuacha kuvumilia wakati wowote. Mwanafunzi aandike: "Mwaka 1516 Wayahudi wa Venice walifungiwa kwenye geto, wakaruhusiwa kusali humo." Akitaka sana kulitumia neno uhuru, asubiri mwaka 1797, majeshi ya Napoleon yalipoingia na malango ya geto yakabomolewa.