Mkuu, hiyo sufuria ya titani irudishe dukani

Kama risiti ipo, irudishe leo. Umeandika kwamba mnapanda Mlima Kenya watatu kwa njia ya Sirimon, mnajibebea na kujipikia wenyewe, na umeshalipia kisufuria cha titani cha mililita 750 "kwa sababu ni chepesi". Nilipofika hapo kwenye uzi wako nikasikia harufu ya wali unaoungua.

Mimi niliuziwa hicho hicho. Muuzaji, kijana wa maneno matamu, alinishikisha kwa kidole kimoja akasema titani ndiyo chuma chepesi kuliko vyote. Nikatoa hela ya mbuzi mzima. Uongo mtupu! Sentimita moja ya ujazo ya titani ina gramu 4.5, ya alumini ina gramu 2.7. Titani ni imara, kwa hiyo kiwandani wanaweza kuipiga ikawa nyembamba sana bila kubonyea ovyo, na wepesi wote unatoka hapo. Yule bwana aliniuzia wembamba.

Balaa sasa ni huo wembamba. Titani haisambazi joto. Alumini hupitisha joto karibu mara 10 zaidi yake. Moto wa jiko dogo la gesi unapiga katikati tu. Tuko kambi ya Shipton, mita 4,200 hivi, baridi inauma mpaka kwenye meno: katikati ya sufuria mchele umeshakuwa mkaa, pembeni bado mbichi, unagonga kama changarawe. Halafu huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi, siyo 100. Mapovu unayaona, unafurahi, ila wali hauivi kwa wakati. Unaongeza maji, unaongeza moto, kumbe unaongeza ukoko. Na mililita 750 ni chakula cha mtu mmoja, kwa hiyo tulipika kwa zamu, wa tatu anaanza kula wa kwanza ana njaa tena.

Gesi ikaisha usiku ule ule. Saa nane za usiku, watu wanatoka kuelekea kilele cha Lenana, sisi hatuna hata chai ya kupasha tumbo. Mwenzetu mmoja akaanza kutetemeka vibaya, tukageuza. Lenana naijua vizuri sana, kwenye picha za watu. Kundi letu la WhatsApp mpaka leo linaitwa Ukoko, na sina haki ya kulibadilisha jina kwa kuwa siyo mimi admini.

Kwa hiyo shika hili moja: titani ni ya kuchemshia maji tu. Kama unapika, chukua alumini, pana, yenye mfuniko. Hata sufuria ya sokoni ya lita mbili inatosha. Haina mkono, na hiyo ni faida, hakuna cha kuvunjika kwenye begi. Nunua koleo la kuishikia. Kitako kipana kinaukamata moto badala ya kuuacha ukwee ubavuni uende zake. Mfuniko usiuache nyumbani eti unapunguza uzito, utaulipia kwa gesi. Chakula nacho: ugali unaiva vizuri tu, unga hauhitaji nyuzi 100. Maharage makavu sahau kabisa.

Yule kaka yako wa Norway anayelala hemani wakati wa theluji, mwambie sheria kwake ni kali zaidi. Kuyeyusha kilo moja ya theluji kunakula joto karibu sawa na la kuyapasha maji yake kutoka nyuzi 0 hadi 80, yaani kabla hajafikiria chai gesi imeshaliwa. Atafute sufuria kubwa, atangulize maji kidogo chini ndipo aongeze theluji. Akitia theluji kavu peke yake, chini inaungua na maji yananuka moshi.

Kikaango ulichouliza, acha, chemsha mayai nyumbani. Kuhusu jiko na vikombe wengine watakujibu, mimi hasira zimeniishia kwenye sufuria. Ukishapata ya alumini, songea ugali wa watatu juu ya hilo hilo jiko dogo, nje, penye upepo. Ikiyumba unaposonga, tafuta nyingine kabla hujafika Nanyuki, mji ulio chini ya mlima.